Dungu Lililogeuka Nyumba

Wanachama wengi wakisha kuuza karafuu hufikiri kujenga, na fikra ya kwanza huwa ni matofali na bati. Yafaa basi tuitazame nyumba ya namna nyingine iliyojengwa bara, ambayo umbo lake hutukumbusha kitu tukijuacho sote: dungu.

Kwetu dungu ni la kulindia mpunga. Lakini maji ya Ruaha Mkuu, yapitayo upande wa Kidodi katika Kilosa, huteremka mpaka Rufiji, na huko wakulima wa bondeni walijenga madungu ya kulala, yenye nguzo ndefu, ili mafuriko yapite chini.

Sasa tazameni Mtwara. Huko zilijengwa nyumba 110 katika vijiji 60, zikaitwa Nyumba za Nyota. Wachoraji wake ni Ingvartsen Architects wa Denmark. Wao waliangalia nyumba za nguzo za Asia ya Kusini-Mashariki, lakini mzee wa Rufiji akiiona atacheka na kusema, "Hili ni dungu letu, limevaa nguo mpya!" Chini ni jiko na ghala, juu ndiko kulala. Kuta za juu ni za wavu, upepo hupita. Maji ya mvua hukingwa kutoka paani.

Mchezo huu una faida yake. Mbu wa malaria hupenda kuruka chini chini, na katika nyumba za udongo huingia kwa ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Huko Gambia wataalamu waliinua kibanda mita 3, na taarifa yao ya mwaka 2021 ikasema mbu walioingia walipungua kwa asilimia 84. Kabla ya hapo, nyumba 6 za majaribio zilijengwa Magoda, mkoa wa Tanga; taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa zile za ghorofa ziliingiwa na mbu wachache zaidi kuliko zile za chini.

Si lazima mwanachama aige nyumba nzima, kwani gharama yake si ndogo. Lakini anayejenga na amwulize fundi wake mambo 3: Je, watoto waweza kulala juu? Uwazi wa paa utazibwa kwa wavu? Na upepo utapita wapi? Matofali mazuri hayazuii homa ikiwa maswali haya hayakujibiwa.