Baada ya Igizo, Mkuu wa Shule Hufanya Nini?

Mradi wa Tuseme ulipoanza mwaka 1996 katika idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waasisi wake hawakuwa wageni wa kazi ya kuwapa wasichana sauti kwa maigizo. Penina Mlama na Amandina Lihamba, pamoja na mwenzao Eberhard Chambulikazi, walikwishakaa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiandaa maigizo na wanakijiji kuhusu mabinti wanaopata mimba na kuachwa wahangaike peke yao. Mlama, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa jina la Penina Muhando kwenye jalada la tamthilia, alikuwa ameligusa suala hilohilo katika Hatia mwaka 1972. Kwa hiyo walipoingia shule za sekondari walijua wanachokitafuta, na walijua pia kwamba binti wa miaka kumi na sita hawezi kuulizwa ana kwa ana mambo yanayomsibu akayataja. Mpe mhusika wa kuigiza, atayasema yote.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Wasichana wanakutanishwa kwenye warsha, wanataja yanayowakwamisha, wanayachambua mpaka kiini, halafu wanayageuza kuwa igizo, ngoma, ngonjera au kichekesho. Kazi hiyo inaonyeshwa mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo, kisha mjadala unafunguliwa. Mjadala unatoa orodha ya mambo ya kufanya, na klabu ya Tuseme inabaki shuleni kuyafuatilia. Igizo ni hatua ya kati tu. Lakini hatua hiyo ndiyo iliyopendwa na kila mtu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyozimeza zile nyingine.

Kupendwa kwake kunaeleweka. Fika shule ya bweni ya wasichana mnamo saa kumi na nusu jioni, vipindi na usafi vimekwisha, uingie bwaloni. Shule zetu nyingi za serikali hazina jukwaa. Bwalo ndilo chumba cha mtihani, ndilo mahali pa ibada, ndilo ukumbi wa maigizo. Meza zimesogezwa ukutani na harufu ya maharage bado ipo. Msichana wa kidato cha tatu amejipaka masizi ya sufuria kidevuni, kavaa koti aliloazima kwa mlinzi, mikono yake imezama humo mpaka vidole havionekani. Anaigiza mwalimu. Anavuka sakafu kwa hatua fupifupi, na wenzake wanamkatiza.

"Mwalimu gani huyo? Unatembea kama unaogopa kukanyaga vifaranga!"

Anarudi mlangoni, anaanza upya. Safari hii anatanua mabega, anasimama katikati ya watu bila kumpisha mtu, anakohoa kabla ya kusema ili wote wanyamaze. Na wote wananyamaza. Hilo ni somo ambalo halimo kwenye muhtasari wowote wa masomo, na linapatikana kirahisi zaidi shule ya wasichana kuliko shule ya mchanganyiko. Kwenye mchanganyiko, nafasi ya hakimu, ya mwenyekiti wa kijiji na ya mwalimu huchukuliwa na mvulana bila hata kujadiliwa, msichana akapewa ndoo na kanga. Hapa hakuna mvulana. Lazima mmoja wao awe hakimu, naye akishajua sauti yake inafika mpaka mlango wa jikoni haisahau tena.

Igizo lenyewe ni la madaftari. Mwalimu anamaliza kipindi, anayakusanya, halafu anamwita msichana mmoja na kumwambia ayapeleke. Ukumbi unacheka, maana mwigizaji amempatia mwalimu fulani mpaka namna anavyoshika chaki. Msichana anauliza ayapeleke ofisi gani. "Nyumbani kwangu," mwalimu anajibu. Upande wa kidato cha nne kicheko kinakatika papo hapo, wakati kidato cha kwanza bado wanacheka. Mtafiti anayetaka kuijua shule hiyo aweke dodoso lake pembeni, aangalie nani ameacha kucheka na nani anaendelea.

Sasa njoo siku ya onyesho. Safu ya mbele wamekaa walimu, wajumbe wa bodi, pengine na ofisa elimu kata, kila mmoja na soda yake na chupa ya maji. Igizo linachezwa vilevile, madaftari na yote. Makofi. Mkuu wa shule anasimama, anawashukuru "wanangu" kwa burudani nzuri, kisha anawaasa: wajiepushe na tamaa, wasidanganyike na chipsi, wasipande bodaboda za bure, wakumbuke kilichowaleta. Igizo limemtaja mwalimu. Hotuba imemjibu mwanafunzi. Wageni wanaelekea kwenye pilau, na kwenye ripoti ya robo mwaka shughuli inaandikwa kuwa imefanyika.

Mradi wa namna hii haufi kwa kelele wala kwa kufutwa. Unaendelea kuhesabiwa. Klabu ipo, mlezi yupo, picha zipo, mabinti wamevaa fulana zenye nembo. Kilichokosekana ni ile saa moja baada ya igizo, pale mkuu wa shule anapotakiwa kuwauliza "haya, tufanye nini?" na kukubali kwamba jibu linaweza kumgusa mtu anayekaa naye ofisi moja.

Nimeziona pia shule ambako saa hiyo ilitolewa, na matunda yake yalikuwa madogo kiasi kwamba mfadhili asingeyaweka kwenye jarida. Madaftari yakawa yanapelekwa na viranja wawili, tena ofisini tu. Taa ikawekwa kwenye njia ya vyoo. Ufunguo wa sanduku la maoni ukakabidhiwa matroni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za nje. Yalihitaji mtu mwenye mamlaka asiyekasirika.

Mlama alipokwenda kuiongoza FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika katika elimu lenye makao yake Nairobi, Tuseme ilikwenda naye. Ilisambaa nchi zaidi ya kumi, na hata Senegali na Burkina Faso, ambako masomo ni kwa Kifaransa, klabu hizo zinaitwa Tuseme. Huku nyumbani Tanzania ilikozaliwa mambo yalikuwa mazito zaidi. Mimba za shuleni zimekuwa zikiigizwa bila kuchoka: binti anapimwa, anafukuzwa, baba anamgeuzia mgongo mama, mwanamume anahama mtaa. Viongozi walikuwa wanatazama. Mwaka 2016 sheria ya elimu ikarekebishwa, ampaye mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Juni 2017 Rais Magufuli akatangaza kwamba katika uongozi wake aliyepata mimba hatarudi shuleni. Ilichukua mpaka Novemba 2021 ndipo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba mabinti hao wanaruhusiwa kurudi. Sidai kwamba maigizo ndiyo yaliyoleta tangazo hilo. Ninachosema ni kwamba kwa miaka 25 wasichana walikuwa wakiionyesha habari hiyo majukwaani, na haikuwa siri kwa mtu yeyote.

Jirani zetu Kenya walichukua njia nyingine. Tamasha lao la drama la shule lina historia inayoanzia mwaka 1959, na leo shule hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi taifa. Kuna waamuzi, kuna vikombe, na kila mkuu wa shule anajua tarehe. Nalionea wivu jambo moja: halisubiri warsha ya mfadhili. Shule zenyewe zinalibeba, na wazazi wanachangia basi. Lakini kikombe kina bei yake. Shule inayotaka ushindi hutafuta mwandishi na mwelekezi kutoka nje, na binti anakariri maneno ya mtu mzima.

Shule ya Wasichana ya Butere, magharibi mwa Kenya, inaonyesha pande zote mbili. Mwaka 2013 mchezo wake, Shackles of Doom, ulizuiwa kwa madai ya kuchochea chuki za kikabila, Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Mwaka 2025 hadithi ikajirudia kwa Echoes of War, mchezo kuhusu vijana na utawala. Yote miwili iliandikwa na Cleophas Malala, ambaye kufikia mara ya pili alikwishapita kwenye useneta wa Kakamega na ukatibu mkuu wa chama tawala. Mahakama iliamuru tena wasichana waruhusiwe. Huko Nakuru, mwezi Aprili, Malala alikamatwa kabla ya onyesho, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na wasichana wakaletwa jukwaani bila mwelekezi wao na bila watazamaji. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Kila neno la mchezo ule lilikuwa la Malala. Kuimba na kuondoka kulikuwa kwao.

Cha kushangaza, kwa miaka kadhaa watahiniwa wa kidato cha nne nchini humo walikuwa wakisoma Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia ambayo msichana aitwaye Tunu anaongoza wananchi kumpinga mtawala wa Sagamoyo. Ujasiri wa Tunu ulikuwa na alama zake kwenye mtihani.

Kwetu, tatizo ni la kawaida zaidi na halina mabomu. Mwalimu aliyepata mafunzo ya Tuseme anahamishwa, na klabu inakabidhiwa mwalimu mpya wa Kemia ambaye hakuulizwa. Walimu wa sanaa wapo, Chuo cha Ualimu Butimba kimewatoa kwa miaka mingi, na Baraza la Mitihani linatahini somo la sanaa za maonyesho, ila shule zinazolifundisha ni chache. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huipa sanaa nafasi pembeni ya mpira. Ratiba ikibana, kinachokatwa kwanza ni klabu, hasa kwenye shule inayosifika kwa ufaulu, ambako saa kumi na nusu inageuzwa kuwa ya masomo ya ziada.

Hapo ndipo ninapoziangalia shule mpya 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Mkopo wake wa dola milioni 500 uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 baada ya kukwama kwa muda, na sababu kubwa ya kukwama ilikuwa hao hao mabinti waliopata mimba na kuzuiwa kurudi. Naziunga mkono shule hizi. Binti anayepima asidi maabara asubuhi anaweza kabisa kuwa hakimu bwaloni jioni, na maigizo hayatamshusha daraja la Fizikia. Wenye kupanga ratiba wasiiachie shughuli hii siku za wageni tu.

Nawe mzazi, msimu wa mahafali ukifika utaalikwa, na kati ya risala na zawadi kutakuwa na igizo. Litazame vizuri, maana huenda waliliandika wenyewe. Kisha kwenye kikao cha wazazi kinachofuata, nyoosha mkono uulize: lile jambo walilotuonyesha limefanyiwa nini, na nani amepewa kulisimamia? Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na lisomwe kikao kijacho.