Upo? Nipo!

Katika miji ya mwambao wetu, mtu akikutana na mwenziwe ambaye hajamtia machoni siku nyingi humwuliza neno moja tu: "Upo?" Naye mwenziwe hujibu kwa neno moja: "Nipo." Mgeni wa lugha huenda akadhani kwamba maamkizi hayo yamekatika njiani, kwamba muulizaji alitaka kuongeza jambo akasita. La hasha! Swali limetimia na jibu limetimia. Aliyeulizwa hakutakiwa aeleze anafanya kazi gani siku hizi, amejenga wapi, wala wanawe walipata alama ngapi. Ametakiwa kuthibitisha tu kwamba yungali miongoni mwa walio hai, na mwenziwe ameridhika.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na bado sijachoka kuvistaajabia viambishi vitatu vya mahali ambavyo kila mwanafunzi wa sekondari huvikariri: po, ko na mo. Aliyepo yu mahali dhahiri panapojulikana; aliyeko yu mbali au mahali pasipodhihirika; aliyemo yu ndani. Huku bara tumeiachia "yuko" imeze hizo nyingine mbili, nasi twaelewana, au twadhani twaelewana. Hasara yake, kwa maoni yangu, si ya sarufi pekee. Mwalimu huita majina asubuhi, mwanafunzi huitikia, alama hutiwa katika daftari la mahudhurio. Mwanafunzi huyo yupo. Lakini je, yumo? Kiwiliwili kimo dawatini, ilhali fikira ziko kwenye mtihani wa wiki ijayo, na baada ya huo ziko kwenye mwingine.

Mwalimu naye hajasalimika. Tangu 2016, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilipoanzisha mfumo wa kutathmini utendakazi, mwalimu hutakiwa athibitishe kwa maandishi yale aliyoyatenda. Sina ugomvi na tathmini. Umma una haki ya kujua mshahara unaolipwa unalipia nini. Ila neno lenyewe "utendakazi" latosha kutuonyesha kinachohesabiwa na kisichohesabiwa. Mwalimu aliyeahirisha chakula chake cha mchana ili amsikilize mtoto anayeogopa kurudi nyumbani ametenda nini? Ameketi tu.

Tuliambiwa mabadiliko ya mitaala yangetupumzisha. Mtihani wa KCPE, ulioanza 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mtaala wa umilisi ulioenea nchini kuanzia 2019 ulikusudiwa kupunguza homa ya mitihani. Homa haikushuka, ilihama. Wazazi walijikuta usiku wakikata maboksi na kugandisha gundi ili kazi ya mtoto wa miaka saba ipendeze. Masomo ya ziada wakati wa likizo yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na sihitaji kumweleza msomaji yeyote aliye mwalimu jinsi marufuku hiyo inavyokwepwa. Mtoto asiyefanya lolote kwa siku tatu za Aprili huonekana kama shamba lililoachwa bila kulimwa.

Hebu tuitazame tena lugha. Wanafunzi wangu wengi huandika "mtoto analala" wakikusudia kwamba mtoto yu usingizini. Kiswahili sanifu husema "amelala", kama kisemavyo amekaa, amesimama, ameinama, amenyamaza. Kiambishi -me- wanaisimu wengi hukinasibisha na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Basi aliyekaa, kwa mantiki ya Kiswahili, si mtu ambaye hajaanza kitu. Kuna jambo amelitimiza, na sasa yumo ndani ya matokeo yake. (Asije mtu akaniambia kwamba "makazi" ni wingi wa "kazi". Hilo ni sikio linalodanganya. Makazi yametokana na kukaa.)

Kuna neno jingine linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Nyumba za kale za Lamu zina viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, nje ya mlango. Hiyo ndiyo baraza. Wazee huketi hapo jioni, wapita njia hukaribishwa, mazungumzo huja na kwenda, na hata kimya hukubaliwa. Kutoka kwenye kiti hicho neno likapanda cheo: likawa mkutano, likawa baraza la wazee, likawa Baraza la Mawaziri. Mwaka 1980 likafika kwenye Baraza la Mitihani la Kenya. Sijui neno gani jingine limesafiri mbali hivyo na kwao.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba hizi ni starehe za mtu mwenye mshahara wa chuo kikuu, na kwamba mtoto wa mkulima hana njia nyingine ya kujinasua ila jitihada. Nitasomewa methali: ajizi nyumba ya njaa, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli tupu, na mimi mwenyewe nisingefika nilipo bila jitihada. Lakini mvuvi anayeketi barazani jioni alikwenda baharini alfajiri, na hakuna anayemwita mvivu. Kiswahili kina uvivu, kina ajizi, kina pia utulivu, wala hakivichanganyi. Wanaovichanganya ni sisi, tunapomwambia kijana kwamba thamani yake ni jumla ya aliyoyafanikisha. Akifanikiwa, hukimbilia lengo la pili kabla hajaonja la kwanza. Akianguka, hujiona si kitu, nasi tumeshasoma habari za vijana waliojidhuru baada ya matokeo kutangazwa. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la sarufi.

Mwanafunzi wangu mmoja alifiwa na mama yake katikati ya muhula. Aliporejea chuoni alinieleza kwamba wengi walimsaidia: waliomchangia nauli, waliomnakilia mihadhara. Kisha akamtaja kijana mmoja wa bweni lake, ambaye aliingia chumbani usiku ule habari zilipofika, akaketi ukingoni mwa kitanda hadi kulipopambazuka, bila kunena lolote. Nilipokutana na kijana huyo nikamsifu, alishangaa. "Lakini mimi sikufanya chochote, Daktari," akasema. Wazee wetu walikuwa na jina la hilo: kukaa matanga. Hawakusema kufanya matanga.

Kila mwaka mpya wa masomo huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi dogo. Kila mmoja ajitambulishe bila kutaja alama alizopata, shule aliyotoka, wala anachotaka kuwa. Mara ya mwisho, msichana mmoja alisimama, akafikiri, akasema: "Mimi ni kitinda mimba wa bibi mmoja wa Faza, na leo nimekaa karibu na dirisha." Wenzake wakacheka, kisha wakampigia makofi. Aliyefuata, ambaye nadhani alikwisha kuziweka alama zake kwenye ncha ya ulimi, alisimama kitambo kirefu akitazama nje ya dirisha hilo hilo, nasi tukamngoja.