Zimwi la Senema Majengo

Dada yangu alinituma Nairobi nimkanye mwanawe, kijana wa Majengo, Pumwani, ambaye hela zake zote zaishia kwenye senema za majitu na majasusi. Mimi mtoto wa chuoni nilikwenda na waadhi wangu tayari.

Tulisali Isha pamoja. Kisha akaniambia, "Mjomba, njoo uone kabla hujanihukumu." Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikaona heri nilijue lao.

Chumba cha mabati, mabao ya kukalia, na Godzilla akibomoa mji. Mfasiri alisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, mtindo uliompa DJ Afro sifa Kenya nzima, na watu wakacheka hata machozi. Nami nilicheka, nakiri.

Njiani nilimweleza kuwa Wajapani walimtoa Godzilla mwaka 1954, miaka 9 baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, na kwamba katika hadithi yao ni majaribio ya mabomu yaliyomwamsha. Kijana akanyamaza. Halafu akauliza, "Kumbe zimwi ni sisi wenyewe, mjomba? Na la bibi je, lilikuwa nani?"

Msomaji, hadithi za zimwi za marehemu mama yangu sikuwahi kumsimulia hata moja. Tulikaa hadi usiku mkuu. Waadhi ule nilirudi nao Mombasa haujafunguliwa, na dada nimemwambia: mwenye kustahili kukanywa ni mimi.