GANDA TUPU LA RISASI SI CHUPA YA KUJAZWA TENA
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Bunduki ya marisau, ambayo wengi wetu huiita shotigani, si kitu kigeni nchini. Wako wananchi wanaoimiliki kwa kibali, na wako walinzi wa mabenki na maghala wanaoibeba kazini. Inapopigwa, hubaki ganda la plastiki lenye kitako cha rangi ya shaba, jepesi mkononi na zima kwa kulitazama. Watoto huliokota wakalichezea, na watu wazima huliweka rafuni kama pambo. Mara nyengine huzuka swali: ikiwa ganda lenyewe bado zima, kwa nini lisijazwe likatumika tena?

Swali hilo si la upuuzi, na linastahiki jawabu lenye maelezo badala ya karipio tupu.

Zipo nchi ambazo jambo hilo hufanywa majumbani kwa ruhusa ya sheria. Huko Marekani, mwenye bunduki anaweza kujaza maganda kwa matumizi yake mwenyewe, na kampuni ya MEC, iliyoko Mayville katika jimbo la Wisconsin, inajulikana kwa mashine za mkono za kazi hiyo. Wanaoifanya zaidi ni washindani wa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Mzunguko mmoja wa mchezo huo una visahani 25, nalo sanduku la risasi huwa na idadi hiyo hiyo. Anayecheza mizunguko minne kwa siku humaliza risasi 100, hivyo kujaza maganda humpunguzia gharama. Wengine hutaka risasi isiyosukuma bega kwa nguvu, na wengine wana bunduki za saizi ambazo risasi zake ni adimu au ghali madukani.

Ili tufahamu hatari iliyomo, hapana budi tuijue risasi yenyewe. Ndani yake mna vitu vitano. Cha kwanza ni ganda, ambalo zamani lilikuwa la karatasi ngumu. Maganda ya plastiki yalianza kuenea katika miaka ya 1960. Cha pili ni fataki, kidonge kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, ambacho hulipuka kinapogongwa. Cha tatu ni baruti isiyotoa moshi, aina iliyovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Cha nne ni kizibo kinachotenga baruti na marisau na kuzuia gesi isivuje. Cha tano ni marisau yenyewe. Hatimaye mdomo wa ganda hukunjwa kwa mikunjo sita au minane ili kuvifunga vyote ndani.

Mwenye kujaza hutoa fataki iliyokwisha, huirejesha sura ya ganda, hupachika fataki mpya, hutia baruti, kizibo na marisau, kisha hukunja mdomo. Kwa maneno kazi hiyo ni nyepesi. Uzito wake umo katika vipimo.

Bunduki iliyo mashuhuri zaidi huitwa ya namba 12. Maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi ikigawanywa kuwa vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa, kimoja huenea katika mtutu wake, ambao upana wake ni kiasi cha milimita 18.5. SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926, imeweka ukomo wa shinikizo kwa risasi ya kawaida ya namba hiyo kuwa ratili 11,500 kwa kila inchi ya mraba. Hilo ni zaidi ya mara 300 ya shinikizo la upepo katika gurudumu la gari dogo, nalo huzuka karibu na uso wa mpigaji, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Shinikizo hilo halitokani na wingi wa baruti peke yake. Zipo baruti zinazowaka upesi na zipo zinazowaka taratibu, na kwa macho aghalabu hufanana. Kijiko kimoja kilichojazwa baruti mbili mbalimbali hakitoi uzito mmoja, wala nguvu moja. Fataki ya namna nyengine, kizibo cha umbo jengine, au hata ganda la kiwanda chengine, huweza kulipandisha shinikizo kupita ukomo ijapokuwa baruti haikuongezwa. Kwa sababu hiyo wajazaji wa huko hufuata vitabu vilivyotokana na majaribio ya maabara, wala hawabadilishi kitu hata kimoja katika kipimo kilichoandikwa. Hupima baruti kwa mizani, huweka mezani aina moja tu, hawavuti sigara karibu nayo, na ganda lenye ufa au tundu hulitupa.

Makosa yake ni ya namna mbili. Baruti ikizidi, mtutu hupasuka na kuumiza mkono na macho ya mpigaji. Baruti ikipungua, watu hudhani ni salama, na kumbe sivyo: kizibo huweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukuta njia imefungwa, mtutu ukapasuka vile vile.

Lipo kosa jengine linalofaa kutajwa hapa kwetu, kwani magobori ya kale bado yamo katika baadhi ya nyumba. Gobori lilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya risasi za kisasa ikitiwa humo, mtutu hauna uwezo wa kuihimili. Asithubutu mtu kufungua risasi ili kutoa baruti yake kwa ajili hiyo.

Tena kuna madhara yasiyo na mlio. Marisau mengi ni ya madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mwili, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Marekani ilikamilisha mwaka 1991 katazo la kuyatumia katika uwindaji wa bata na mabata bukini, na Umoja wa Ulaya umeyakataza katika maeneo ya ardhi oevu tangu Februari 2023. Anayeyashika, au anayeshika maganda yaliyopigwa, na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa upande wa sheria, yanayoruhusiwa Marekani siyo yanayoruhusiwa hapa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachii mtu kutengeneza risasi kwa hiari yake bila ya idhini. Wala udhibiti huu si jambo jipya: Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa uliwekea mipaka uingizaji wa silaha na baruti Afrika.

Kwa hiyo, wananchi wanashauriwa yafuatayo. Mwenye bunduki kwa kibali anunue risasi kwa muuzaji mwenye leseni, za namba ile ile iliyoandikwa kwenye bunduki yake. Wakuu wa maofisi yenye walinzi wahakikishe risasi zinahesabiwa, pamoja na maganda yanayobaki. Wazazi wawakataze watoto kuchezea maganda, na hasa kugonga kitako chake kwa msumari au jiwe, kwani fataki ambayo haijalipuka huweza kumpofua mtoto. Na mwenye kuokota risasi nzima asiifungue wala asiitupe motoni. Aiache palipo, awazuie wengine wasiisogelee, na ampe habari Sheha au kituo cha Polisi kilicho karibu.

Ganda tupu halina thamani ya jicho la mtu.