Mkono Mtulivu: Jinsi ya Kujenga Mwendo Laini wa Fimbo katika Mchezo wa Biliadi

1. Utangulizi

Katika mchezo wa pool, yaani biliadi ya meza yenye mashimo sita, kuna kanuni moja inayompima mchezaji kuliko nyingine nyingi. Mchezo ukichezwa kwa matufe 15 yenye namba pamoja na tufe moja jeupe, mshindi ni yule anayemaliza matufe ya kundi lake na kisha kulitumbukiza tufe jeusi lenye namba 8. Hata hivyo, tufe jeupe likilifuata jeusi shimoni, ushindi hugeuka papo hapo kuwa kushindwa. Katika hali hiyo jicho halikukosea, wala shabaha haikupotoka. Kilichomponza mchezaji ni mkono wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mkono huo unavyofundishwa. Kwanza yataangaliwa maneno yenyewe, kwa kuwa neno hutangulia tendo. Kwa Kiswahili mchezaji husemwa kuwa "hupiga" tufe. Kitenzi hicho hakina kosa, lakini kina sura nyingi. Kuna kupiga ngumi na kupiga nyundo, ambako kani hutolewa kwa ghafla na kuishia pale inapogonga. Kuna pia kupiga pasi na kupiga deki, ambako mkono husafiri juu ya kitu kwa mwendo sawa bila kushtuka. Mwanafunzi wa biliadi hukosea kwa sababu huchukua sura ya kwanza, ilhali mchezo wataka ya pili. Anayeishika fimbo kama ashikavyo pasi, si kama ashikavyo nyundo, amekwisha kupata nusu ya somo.

2. Ncha, tufe na kitambaa

Sayansi ya jambo hili si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud alijulikana kwa kuvalisha ncha ya fimbo kipande cha ngozi, na hivyo kumwezesha mchezaji kulizungusha tufe apendavyo. Mwaka 1835 Mfaransa mwingine, mwanahisabati Gaspard-Gustave de Coriolis, alichapisha kitabu kizima kuhusu hisabati ya mchezo huo.

Kwa bahati njema, Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyobeba msingi wa nadharia hiyo: kuteleza na kubingirika. Tufe linaloguswa katikati kabisa huanza kwa kuteleza juu ya kitambaa bila kuzunguka. Msuguano wa kitambaa hulipunguzia kasi na wakati huo huo hulizungusha, mpaka libingirike kikamilifu. Hapo hubakiwa na sehemu 5 kati ya 7 za kasi yake ya mwanzo. Tufe la kawaida lina kipenyo cha milimita 57 hivi. Likiguswa kiasi cha milimita 11 juu ya kitovu chake, hubingirika tangu mwanzo. Likiguswa chini ya kitovu, huondoka likizunguka kinyumenyume, na msuguano huula mzunguko huo kidogo kidogo kadiri linavyosafiri.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua hatima ya tufe jeusi lililotajwa hapo juu. Iwapo tufe jeupe linaligonga jeusi uso kwa uso huku likiteleza bila mzunguko wowote, hulikabidhi karibu mwendo wake wote na kusimama hapo hapo. Iwapo linabingirika, mzunguko wake haukabidhiwi. Husita kidogo, kisha huendelea mbele kwa takriban sehemu 2 kati ya 7 za kasi liliyokuwa nayo. Ikiwa jeusi liko mdomoni mwa shimo, mwendo huo mdogo watosha kuleta msiba.

Kwa hiyo, mchezaji anayetaka jeupe lisimame hana budi kuligusa chini kidogo ya kitovu, kwa kasi inayofanya mzunguko wa kinyume uishe wakati ule ule linapofika. Umbali ukizidi, ama ataligusa chini zaidi ama ataongeza kasi. Hesabu hiyo haina maana ikiwa ncha haifiki pale ilipokusudiwa. Tena ncha ikienda mbali mno na kitovu, kupita nusu ya nusu-kipenyo, yaani milimita 14 hivi, huteleza na kuliacha tufe likienda ovyo. Chaki hupunguza hatari hiyo kwa kuongeza msuguano. Izingatiwe kwamba chaki ya biliadi, ambayo muundo wake wa kisasa ulisajiliwa Marekani mwaka 1897, si chaki ya ubaoni. Ile ya darasani haishiki ngozi wala tufe ipasavyo.

3. Viungo vya mwili

Mwendo laini huzaliwa na mambo machache, na sehemu kubwa yake ni kutuliza viungo visivyohitajika.

Mkono wa mbele hutoa egemeo la fimbo. Vidole hutandazwa imara juu ya kitambaa, na ncha hutokeza mbele ya egemeo kwa sentimita 15 hadi 20 katika mapigo ya kawaida. Umbali mkubwa zaidi hukuza kila kosa dogo la mkono wa nyuma.

Mkono wa nyuma huishika fimbo kwa wepesi, bila kuikamua. Bega na mkono wa juu hutulia. Kinachobembea ni kigasha peke yake kutoka kwenye kiwiko, na inafaa kiwe wima kama timazi wakati ncha inapoligusa tufe. Fimbo hulala karibu sambamba na meza, kwani ikiinuliwa sana kwa nyuma, kosa dogo la pembeni hulipindisha tufe njiani. Kichwa hakinyanyuki mpaka pigo liishe.

Baada ya mizunguko michache ya majaribio, fimbo hurudishwa nyuma polepole, husita kwa nukta, kisha huenda mbele ikiongeza kasi kwa utaratibu mmoja. Anayeirudisha kwa pupa hulazimika kuizuia kwa nguvu kabla ya kuigeuza, na misuli iliyoshtuka hivyo haiwezi kuelekeza sawasawa.

Hapa huzuka swali la haki. Mguso wa ncha na tufe hudumu takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tufe likishaondoka, fimbo haina tena mamlaka juu yake. Kwa nini basi walimu wote husisitiza fimbo iendelee mbele baada ya mguso? Jibu ni kwamba anayekusudia kusimama kwenye tufe huanza kufunga breki kabla ya kulifikia. Fimbo inayopita ni ushahidi wa mkono ambao haukuogopa.

4. Mazoezi

Zoezi la kwanza halihitaji meza ya biliadi. Chupa tupu ya soda hulazwa juu ya meza yoyote, na ncha ya fimbo huingizwa na kutolewa mdomoni mwake bila kugusa kioo. Mlio wa kioo humwambia mwanafunzi kosa lake bila upendeleo.

Zoezi la pili ni kulipeleka tufe jeupe peke yake kwenye mstari wa katikati hadi ukingo wa mbali, ili lirudi na kuigusa ncha iliyoachwa pale ilipoishia. Likirudi kando, huenda liliguswa upande, au shabaha ilipinda.

Zoezi la tatu ndilo mtihani: kulisimamisha jeupe baada ya kuligonga tufe jingine uso kwa uso, kwanza kwa umbali wa shibiri mbili, kisha nusu ya meza, kisha zaidi. Kila hatua irudiwe mpaka isiwe bahati.

5. Hitimisho

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika biliadi upole haumaanishi uvivu: pigo la kasi laweza kuwa laini, na la taratibu laweza kuwa na mshtuko. Kipimo chake ni usawa wa mwendo tangu fimbo inaporudi hadi inaposimama. Mchezaji aliyeupata haachi tena tufe jeupe liamue mwisho wa mchezo. Jeusi linapoingia shimoni, jeupe hubaki pale alipoliamuru kusimama.