Tukienda Mbudya, Tubebe Nini na Tuache Nini?

Akina mama wengi wa hapa Iyunga tuna nia ya kuwapeleka watoto wetu wakaione bahari angalau mara moja. Wapo wanaoweka akiba kidogo kidogo katika vikundi vyao, na wapo wanaosubiri harusi ya ndugu Dar es Salaam ili waongeze siku moja ya matembezi. Safari ni ya zaidi ya kilomita 800, na nauli ya familia nzima si mchezo. Ndiyo maana tukifika tunataka kila mtoto arudi na kitu mkononi: kombe zuri, kipande cha matumbawe, au kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota. Lakini katika kisiwa cha Mbudya, ambako wageni wengi hupelekwa, hilo ndilo jambo tusilopaswa kufanya. Hebu tuone kwa nini.

Kisiwa kinacholindwa

Mbudya kiko kaskazini mwa jiji, mkabala na Kunduchi, mwendo mfupi kwa boti. Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kuwa eneo tengefu la bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Baadaye Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 ikaanzisha Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ili kuvisimamia visiwa hivyo na vingine. Kila mgeni hulipa ada. Tulipe bila kununa, na tudai stakabadhi, maana fedha hiyo ni ya kulinda mahali penyewe.

Eneo tengefu ni kama shamba la mbegu. Samaki hawavuliwi humo ili wazaliane, na wakiongezeka hutoka nje ya mpaka na kuingia katika nyavu za wavuvi. Kwa hiyo anayeharibu Mbudya anapunguza kitoweo katika sufuria ya mama mwenzake wa Kunduchi.

Matumbawe si mawe

Wengi wetu tuliokulia milimani tunadhani matumbawe ni mawe. La, yamejengwa na wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu, na ndani ya miili yao wamo mimea midogo inayowalisha. Yale yenye umbo la jiwe la mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Mtoto akisimama juu yake kwa dakika moja, anaweza kuvunja kilichojengwa kwa miaka mingi. Tena matumbawe yamekwisha kuumizwa na joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Yaliyobaki hayahitaji mateke yetu.

Basi tuwafundishe watoto kucheza penye mchanga, na wanaoogelea watazame bila kushika. Hata kombe tupu tuliache, kwa maana wako kaa wadogo wanaolitumia kama nyumba. Na wachuuzi wakituletea makombe na matumbawe, tusinunue. Kinachonunuliwa leo kitatafutwa tena kesho.

Kikapu cha mama

Usafi wa ufukwe huanzia nyumbani, siku mama anapofunga mizigo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019, lakini chupa za maji, vifungashio vya biskuti na pampasi bado tunasafiri navyo. Kasa akiona plastiki inaelea huidhania kuwa yavuyavu, ambaye ni chakula chake. Akiimeza, huziba utumbo.

Tufungashe hivi: chakula katika vyombo vyenye mifuniko, maji katika chupa kubwa ya kutumia tena, kanga mbili za kukalia, na mfuko imara mtupu wa kurudishia taka. Pampasi na pedi zisifukiwe mchangani wala kuachwa vichakani. Zirudi nasi mjini. Na njiani, basi linapopita katika Hifadhi ya Mikumi, tusitupe maganda ya ndizi dirishani. Nyani huyafuata barabarani wakagongwa.

Afya ya watoto wetu

Sisi wauguzi tungependa kuongeza machache. Kwanza, maji ya bahari hujaa na kupwa. Mahali palipofika magotini asubuhi huenda pakamzamisha mtoto mchana. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayemwangalia, na katika boti asiketi bila jaketi la kujiokolea.

Pili, viatu vya kuvaa majini humkinga mtoto na miiba, lakini si ruhusa ya kukanyaga matumbawe. Akikwaruzwa, osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, mtoe vipande vilivyobaki, na muulizie chanjo ya pepopunda. Akichomwa na yavuyavu, msisugue. Suuzeni kwa maji ya bahari.

Tatu, watoto wa huku kwetu kwenye baridi hawajazoea malaria kama wa pwani. Walale ndani ya chandarua. Homa ikitokea wiki chache baada ya kurudi, mwambieni mganga kwamba mtoto alikuwa Dar es Salaam.

Nne, mtu asitushawishi kuonja nyama ya kasa. Sheria inamlinda, na nyama yake yaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Sumu hiyo huweza pia kumpata mtoto mchanga kupitia maziwa ya mama yake.

Tuwaletee nini?

Mtoto arudi na nini basi? Arudi na picha, na majina ya samaki aliowaona, na jambo la kuwasimulia wenzake shuleni. Kama tunataka zawadi, tununue mkeka au kikapu cha ukili kutoka kwa akina mama wa pwani. Hapo tunakuwa tumewaungisha bila kuimaliza bahari yao.

Mazoea hayo yatufae pia karibu na nyumbani. Kule Matema, Ziwa Nyasa, ambako wengi wetu huenda sikukuu, tusingoje kudaiwa stakabadhi ndipo tukumbuke kuokota taka zetu. Mtoto aliyemwona mama yake akirudisha pampasi mjini kutoka Mbudya atajua la kufanya Matema bila kuambiwa.