Mkeo Anasoma PhD? Usinune, Baba!

Shosti yangu anaishi Ihumwa, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Mumewe alihamishwa kikazi kutoka Dar, naye akamfuata na watoto wawili. Mwaka jana akapata nafasi ya kusoma PhD ya epidemiolojia ya afya ya mama na mtoto. Badala ya pongezi, nyumba ilinyamaza wiki mbili! "Huyu mdogo utamwacha na nani?" ndilo swali la kwanza aliloulizwa. La pili lilitoka kwa mama mkwe, na hilo haliandikiki hapa.

Mpenzi msomaji, hiyo kazi si kuzalisha wala kupima presha. Ni kuhesabu na kuuliza: mama huyu alifariki wapi, je, alichelewa kuamua kwenda hospitali, alichelewa kufika, au alifika akachelewa kuhudumiwa? Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Nini kimepunguza, na kwa nini hao 104 bado wanatutoka? Hapo ndipo wanapohitajika waliosomea.

Sasa ishu ya ufadhili. Wengi tunadhani ni ada tu, kumbe mwanafunzi ana nyumba. Muhimbili, kwa ushirikiano na Sweden ulioanza 1986, walisomesha wengi kwa mtindo wa "sandwichi": miezi kadhaa ughaibuni, kisha unarudi kukusanya takwimu nyumbani. CARTA, mpango ulioanza 2008 unaounganisha vyuo na taasisi za Afrika, ikiwemo Ifakara, ulikwenda mbali zaidi: mama mwenye mtoto mchanga aliruhusiwa kwenda kwenye semina na mtoto na mlezi wake, gharama juu ya mpango. Eti jambo dogo! Muulize aliyewahi kukamua maziwa chooni wakati wenzake wanajadili takwimu.

Shosti alipojua hayo, aliacha kubishana na mumewe, akamwandikia mfadhili wake kuuliza: nauli ya mtoto ipo? Posho inaingia lini? Nikipata ujauzito katikati, muda unaongezwa? Majibu yalipokuja, waliyasoma wawili mezani, kalamu mkononi.

Mumewe siku hizi anakoroga uji mwenyewe, ingawa una mabonge. Mama mkwe bado hajasema kitu.